Rais Asiye na Serikali Si Pambo

Kila mjadala wa katiba unapofufuka Kenya au Tanzania, na mtu akathubutu kupendekeza kwamba serikali iongozwe na waziri mkuu anayewajibika bungeni huku rais akibaki mkuu wa nchi tu, jibu huja upesi: mafahali wawili hawakai zizi moja. Baada ya hapo watu huacha kufikiri. Hofu ya "vituo viwili vya madaraka" iliandama rasimu ya Bomas ya mwaka 2004. Ikarudi Januari 2010, kamati ya wabunge wa Kenya ilipokutana Naivasha na kuufuta mfumo wa rais na waziri mkuu uliokuwa kwenye rasimu ya wataalamu. Tangu hapo imekuwa kama hukumu isiyo na rufaa.

Nataka kuikatia rufaa. Kwanza niieleze kama wanavyoieleza wenyewe, kwa sababu si hoja ya watu wajinga.

Wanasema hivi. Rais wa aina hii hatungi sera wala bajeti. Anasoma hotuba iliyoandikwa na serikali, anapokea hati za mabalozi, anatia saini miswada ambayo hakuijadili. Akisaini kila anacholetewa, yeye ni muhuri tu. Akikataa, anawazuia wabunge waliochaguliwa na wananchi, na yeye mwenyewe hakuchaguliwa nao. Mkimchagua kwa kura ya wananchi ili apate uhalali, atadai madaraka yanayolingana na kura zake, na vita vitaanza. Juu ya hayo anakula fedha za umma kwa makazi, walinzi na msafara. Na Afrika, wanamalizia, tumeshajaribu: Uganda ilikuwa na rais wa namna hiyo, na mwisho wake ulikuwa jeshi kulivamia kasri lake.

Nimewasikia wakisema haya wanasheria ninaowaheshimu na wanaharakati waliofungwa kwa ajili ya demokrasia. Bado nasema wamekosea, na kosa lao limetugharimu.

Kwanza: kwamba saini yake haina uzito

Tuanzie India, kwa sababu huko ndiko wapinzani wa ofisi hii wanakopata ushahidi wao mzuri kuliko wote.

Tarehe 12 Juni 1975 Mahakama Kuu ya Allahabad ilibatilisha ubunge wa Waziri Mkuu Indira Gandhi kwa makosa ya uchaguzi. Usiku wa tarehe 25 alimpelekea Rais Fakhruddin Ali Ahmed barua akimtaka atangaze hali ya hatari nchini kwa sababu ya machafuko ya ndani. Baraza la mawaziri lilikuwa halijakaa. Mawaziri wengi hawakujua lolote. Rais alisaini usiku uleule. Kabla ya mapambazuko viongozi wa upinzani, akiwamo mzee Jayaprakash Narayan, walikuwa wamekamatwa, na mitambo ya magazeti ya Delhi ilikuwa imekatiwa umeme. Baraza la mawaziri liliitwa asubuhi ya tarehe 26 kuridhia jambo lililokwisha kutendeka. Hali ile ya hatari ilidumu miezi 21. Desemba mwaka huohuo mchoraji Abu Abraham alichora katuni ya rais akiwa ndani ya beseni la kuogea, kalamu mkononi, akiagiza kwamba kama kuna amri nyingine za kusaini zingoje kidogo. Katuni ile imekuwa picha ya ofisi yenyewe.

Mnaona, husema wenzangu: muhuri.

Mimi naona jambo jingine. Waziri mkuu mwenye wabunge wengi, mwenye polisi, mwenye idara ya usalama, alilazimika usiku ule kwenda kutafuta saini ya mtu mmoja. Bila saini hiyo ukamataji ule usingekuwa na hali ya hatari ya kujifichia. Ofisi ilikuwa na uwezo wa kuuliza swali moja tu: baraza la mawaziri limeamua lini? Swali hilo halikuulizwa. Kosa lilikuwa la mtu aliyekalia kiti, na kosa lilikuwa zito kwa sababu kiti kilikuwa na uzito. Kama saini ile isingekuwa na maana, kusainiwa kwake kusingekuwa aibu ya kukumbukwa nusu karne.

Tazama pia yaliyofuata, maana hapo ndipo ukweli wa jambo unapojitokeza. Mwaka 1976, katikati ya hali ya hatari, serikali ya Indira Gandhi ilipitisha marekebisho ya 42 ya katiba. Miongoni mwa mengi, yaliandika wazi kwamba rais lazima afuate ushauri wa baraza la mawaziri. Serikali iliyokuwa imekwisha kuwafunga wapinzani bado iliona haja ya kumfunga rais. Nani hufunga pambo? Kisha mwaka 1977 wananchi wakaiangusha, na waliokuwa wafungwa wakawa mawaziri. Walikuwa na kila sababu ya kuichukia ofisi iliyowasaliti. Hawakuifuta. Marekebisho yao ya 44, ya mwaka 1978, yalimpa rais haki ya kurudisha ushauri mara moja ili baraza liufikirie upya, na yakasema hali ya hatari haitatangazwa mpaka rais aletewe uamuzi wa baraza la mawaziri kwa maandishi. Watu waliotoka gerezani walijua hasa ni mlango upi uliokuwa wazi usiku ule, wakauwekea komeo.

Komeo hilo limeonekana likifanya kazi. Oktoba 1997 serikali ya I. K. Gujral ilimwomba Rais K. R. Narayanan aiondoe serikali ya jimbo la Uttar Pradesh na kuliweka jimbo chini ya Delhi, ingawa waziri kiongozi wa jimbo hilo alikuwa amepata tu kura ya imani katika bunge lake. Narayanan aliirudisha karatasi. Baraza likaifikiria upya na kuachana na jambo hilo. Hakuvunja sheria wala hakutoa amri kwa askari hata mmoja. Aliwaambia mawaziri wafikiri tena, mbele ya nchi nzima, na serikali ya watu wengi kuliko idadi ya raia wa Kenya, Uganda na Tanzania wa wakati ule wakijumlishwa ikabaki mahali pake.

Pili: mafahali wawili

Sasa Uganda, kidonda chetu wenyewe.

Mwaka mmoja baada ya uhuru, tarehe 9 Oktoba 1963, Uganda iliondoa ugavana mkuu ikamweka rais asiye na mamlaka ya utendaji. Aliyechaguliwa alikuwa Sir Edward Mutesa, Kabaka wa Buganda. Milton Obote alibaki waziri mkuu. Februari 1966 walikuwa maadui wa wazi, na Mei mwaka huo jeshi lililokuwa chini ya Idi Amin lilivamia Lubiri, kasri la Mengo. Mutesa alitoroka kupitia Burundi mpaka Uingereza, akafia London mwaka 1969.

Hadithi hii husimuliwa kana kwamba ofisi mbili ziligombana. Lakini Mutesa hakupigana kwa nguvu za urais, maana urais wake ulikuwa na nguvu kidogo sana. Alikuwa mfalme mwenye ufalme, mwenye Lukiiko, yaani bunge la ufalme wake, mwenye mapato, na mwenye chama kizima, Kabaka Yekka, kilichoundwa kwa ajili ya kiti chake. Obote alimpa urais kwa sababu chama chake cha UPC kilihitaji muungano na Buganda. Ulikuwa malipo ya kisiasa. Kisha Novemba 1964 wakazi wa kaunti za Buyaga na Bugangaizi walipiga kura kutoka Buganda na kurudi Bunyoro, na mtu yuleyule akatakiwa awe rais wa wote wanaogombana na pia mfalme wa upande mmoja wa ugomvi. Hakuna katiba duniani ingeweza kuubeba mzigo huo. Fahali wa pili alikuwa ufalme. Urais alivikwa tu.

Na nani aliyevunja katiba? Februari 1966 Bunge lilipitisha hoja ya mbunge Daudi Ocheng iliyotaka Amin asimamishwe kazi wakati tuhuma za dhahabu kutoka Kongo zikichunguzwa. Tarehe 22 Februari Obote aliwakamata mawaziri wake watano ndani ya kikao cha baraza, akiwamo Grace Ibingira, katibu mkuu wa chama chake mwenyewe. Siku chache baadaye alisitisha katiba, na Aprili akajitangaza rais mwenye mamlaka yote. Obote alidai kwamba Mutesa alikuwa ameomba msaada wa kijeshi kutoka nje, na dai hilo lilistahili kuchunguzwa na kusikilizwa na mahakama. Lilijibiwa kwa bunduki. Aliyekamata, aliyesitisha na aliyeamuru alikuwa mkuu wa serikali. Miaka sitini tumekuwa tukiilaumu ofisi iliyopinduliwa kwa dhambi ya aliyeipindua.

Kama tatizo lilikuwa mafahali wawili, basi zizi lilipobaki na mmoja Uganda ingetulia. Tujikumbushe utulivu huo. Katiba ya 1967 ilifuta falme na kukusanya madaraka kwa rais mtendaji. Desemba 1969 vyama vya upinzani vilipigwa marufuku. Januari 1971 Amin alimpindua Obote, na waliokufa katika miaka minane iliyofuata hawakufa kwa sababu Uganda ilikuwa na viongozi wengi mno. Walikufa chini ya fahali mmoja.

Kenya nayo hutolewa kama ushahidi: Kibaki na Raila, kati ya 2008 na 2013. Mfano huo haupo mahali pake. Ile ilikuwa serikali ya mseto ya watu wawili waliogawana mamlaka ya utendaji baada ya damu kumwagika kufuatia uchaguzi wa Desemba 2007. Wote wawili walikuwa wanatawala. Mfumo ninaoutetea unasema jambo tofauti kabisa: mmoja atawale na awajibike bungeni, mwingine asitawale ila ailinde kanuni. Anayechanganya haya mawili amekataa dawa kwa sababu sumu iliwekwa kwenye chupa inayofanana.

Tatu: pambo au tishio?

Hapa wenzangu wanajipinga wenyewe, na ningependa wachague upande mmoja.

Mei 2018 Rais Sergio Mattarella wa Italia alikataa kumteua Paolo Savona kuwa waziri wa uchumi, kwa hofu kwamba misimamo yake ingeitia nchi mashaka juu ya kubaki katika sarafu ya yuro. Giuseppe Conte akarudisha jukumu la kuunda serikali, na Luigi Di Maio, kiongozi wa chama kilichoongoza kwa kura, akataka rais ashtakiwe bungeni. Siku chache baadaye pande zilielewana. Savona alipewa wizara nyingine, uchumi ukaenda kwa Giovanni Tria, na serikali ileile ya vyama vilevile ikaapishwa tarehe 1 Juni. Mtu anaweza kusema Mattarella alikosea. Mimi mwenyewe sifurahii rais kupima maoni ya kiuchumi ya waziri. Lakini huwezi kusema Jumatatu kwamba ofisi hii ni bure, kisha Jumanne ukasema imepindua matakwa ya wananchi.

Ireland, 1976. Rais Cearbhall Ó Dálaigh alipelekewa muswada wa mamlaka ya dharura. Ibara ya 26 ya katiba yao inamruhusu rais, akishashauriana na Baraza la Dola, kuupeleka muswada Mahakama ya Juu kabla ya kusaini. Akafanya hivyo. Mahakama ikasema muswada uko sawa, naye akasaini. Waziri wa ulinzi akamtukana mbele ya wanajeshi kwa kitendo hicho, serikali ikakataa kumwondoa waziri, na tarehe 22 Oktoba rais akajiuzulu ili kulinda heshima na uhuru wa ofisi. Waziri hakutukana pambo. Alimtukana mtu aliyemchelewesha, na kumchelewesha ndiyo kazi aliyopewa.

Nne: gharama

Hili nalipita haraka. Hakuna rais mtendaji wa Afrika anayeishi nyumba ya kupanga. Ikulu, walinzi na msafara vipo katika mifumo yote miwili, kwa hiyo swali la haki ni nini kingine tunacholipia. Chini ya rais mtendaji, serikali ikipoteza imani ya wengi katikati ya muhula, hakuna anayeweza kuipokea barua ya kujiuzulu, kumwita mwingine ajaribu, au kuwarudisha wananchi kwenye kura kwa utaratibu wa kawaida. Tunangoja miaka mitano ipite, au watu wanaingia barabarani na kupigwa risasi. Sikukuu ya uhuru inageuka mkutano wa kampeni kwa sababu anayehutubia taifa ni mgombea. Gharama hizo haziandikwi kwenye kitabu cha bajeti, na ndizo kubwa.

Tano: kwamba hakuchaguliwa

Hoja hii ndiyo ngumu. Wajerumani waliipatia majibu mawili, moja likawaua.

Katiba ya Weimar ilimfanya rais achaguliwe na wananchi moja kwa moja, ikampa ibara ya 48 ya kutawala kwa amri wakati wa dharura. Alikuwa na uhalali wote ambao wenzangu wanaudai. Tangu 1930 serikali ziliendeshwa kwa amri za Rais Hindenburg bungeni kusipokuwa na wingi, na tarehe 30 Januari 1933 Hindenburg alimteua Hitler kuwa kansela. Mwaka 1949, wakiandika upya, Wajerumani walimwondoa rais kwenye kura ya wananchi. Tangu hapo anachaguliwa na mkutano maalumu wa wabunge wote wa shirikisho pamoja na idadi ileile ya watu wanaoteuliwa na mabunge ya majimbo. Muhula ni miaka mitano na anaweza kurudi mara moja tu mfululizo.

Hakuchaguliwa mitaani, na bado ana sauti. Mwaka 2006 Rais Horst Köhler alikataa kusaini sheria ya kubinafsisha uongozaji wa ndege angani, akisema inakiuka katiba. Baada ya uchaguzi wa Septemba 2017, mazungumzo ya kuunda serikali yalipovunjika Novemba, wengi walidhani nchi inarudi kwenye uchaguzi. Rais Frank-Walter Steinmeier aliwaita viongozi wa vyama mmoja baada ya mwingine, akawakumbusha kwamba aliyeomba kura hana haki ya kuukimbia wajibu. Serikali ilipatikana Machi 2018. Uhalali wa Steinmeier ulitoka mahali pawili: alichaguliwa na wawakilishi wa pande nyingi, na hakuwa na cheo cha kugombania katika mgogoro ule.

Kwa hiyo ninapoulizwa nani amchague, nasema wabunge na wawakilishi wa kaunti au mikoa, kwa theluthi mbili, ili chama kimoja kisimpate peke yake. Na asiwe mfalme, mwenyekiti wa chama, wala jenerali. Somo hilo Uganda ilitulipia.

Sita: ofisi ni ile mliyoiandika

Wapinzani hunionyesha Ethiopia. Huko katiba ya 1995 inasema muswada uliopitishwa bungeni ukikaa siku 15 bila saini ya rais, unakuwa sheria bila yeye. Nakubali: rais huyo hana alichoachiwa. Lakini tuulize madaraka hayo yalikwenda wapi. Yalikwenda kwa waziri mkuu, na Meles Zenawi aliyashika tangu 1995 hadi kifo chake mwaka 2012. Kumnyang'anya mkuu wa nchi breki hakuwapi wananchi breki hiyo. Anapewa anayeendesha, naye hana haja nayo.

Mauritius iko karibu nasi zaidi kuliko tunavyopenda kukumbuka. Imekuwa jamhuri ya kibunge tangu 12 Machi 1992. Nayo imepata aibu zake: Rais Ameenah Gurib-Fakim alijiuzulu Machi 2018 kufuatia kashfa ya kadi ya mkopo ya shirika la hisani, huku akikana kosa. Aliondoka, na serikali ikaendelea kufanya kazi asubuhi yake. Rais mtendaji aliyeingia kwenye kashfa angekuwa bado ana jeshi na hazina mikononi.

Lakini ninayemtaka ni Cassam Uteem. Mwaka 2002 bunge lilipitisha sheria ya kuzuia ugaidi ambayo yeye aliona inakanyaga haki za raia. Katiba ya Mauritius inampa rais nafasi moja tu ya kuurudisha muswada. Ukipitishwa tena, hana budi kuusaini. Uteem hakukubali jina lake liwe chini ya sheria ile. Alijiuzulu Februari 2002. Makamu wake, Angidi Chettiar, akashika nafasi, naye akajiuzulu bila kusaini. Jaji Mkuu Ariranga Pillay akakaimu urais na kutia saini.

Mnaona, husema wenzangu kwa mara ya mwisho, sheria ilipita. Ndiyo, ilipita, na bunge lilikuwa na haki ya kuipitisha. Ila ilipita mchana kweupe, baada ya watu wawili kuacha cheo kikubwa kuliko vyote nchini mwao, na kila mpiga kura akajua kuna jambo ndani yake la kuhoji. Nchi zetu zimepitisha sheria za kuweka watu kizuizini, za kufungia magazeti na za kuongeza mihula bila mtu hata mmoja pale juu kulazimika kuchagua kati ya kalamu na dhamiri yake, kwa sababu aliyezisaini ndiye aliyezitaka.

Kasoro ya Mauritius inajulikana na inarekebishika. Ichukueni ibara ya 26 ya Ireland, muiweke pamoja na lile sharti la India la uamuzi wa baraza kwa maandishi, muandike vifungu hivyo viwili kwa Kiswahili chepesi katika rasimu yoyote itakayokuja. Uteem angekuwa na mahakama ya kuupelekea muswada wake kabla ya kuandika barua ya kujiuzulu.